Ngozi ya Maksai

Antipasi alimpenda mama yake kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza.

Maksai wake alipoanguka ghafla zizini pale Mungaa, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, bwana mifugo Simeoni alifika mbio. "Ni kimeta. Msichune, msile. Mfukieni kama alivyo." Alipoona watu wanaguna, akaongeza, "Mbegu za kimeta hazifi upesi. Huko duniani watu wameshazifanya unga, wakazitia kwenye bahasha kuulia wenzao. Hii ni silaha, jamani!"

Wakacheka. Nani atawaletea vita wakulima wa alizeti?

Nyama Antipasi aliifukia yote, roho ikimuuma. Lakini ngozi je? Mama yake, Eliana, alikuwa akilalia ngozi iliyochakaa, na mwana gani huyo amfukie ng'ombe na ngozi yake wakati mama analala vile? Ugonjwa uko kwenye nyama, alijiambia. Kabla ya kufukia, Simeoni akiwa ameshaondoka, aliichuna. Ilipokauka akamtandikia. Mama akambariki, maskini.

Kidonda kikamtoka Antipasi mkononi, cheusi katikati, wala hakikuuma. Akakipuuza. Kisha mama akashikwa na homa, kifua kikambana hata akashindwa kuhema.

Hospitali, daktari aliuona mkono wa Antipasi kwanza. "Ulichuna nini?"

Antipasi alijikaza, akaeleza.

"Wewe utapona, vidonge vitakitosha hicho kidonda. Kwa mama ugonjwa umeingia mapafuni. Tunamtundikia dripu ya dawa sasa hivi, lakini dawa hizi hutaka kuwahiwa."

Hawakuwahi. Kesho yake Eliana alikata roho, mwanawe kamshika mkono.

Alipofika nyumbani kutoa taarifa, habari ilikuwa imeshamtangulia na kilio kimejaa. Majirani wenye huruma walikuwa wameitoa ngozi ndani, wakaikung'uta vumbi, wakaitandika uani kwa ajili ya wafiwa. Selina, mdogo wake, alikuwa ameikalia akinyonyesha mwanawe.

"Selina, inuka! Inukeni wote!"

Wakadhani msiba umemvuruga akili. Selina akamtazama kwa macho mekundu. "Kaka, niache. Hii ngozi ndiyo pekee yenye harufu ya mama."

"Ndiyo iliyomuua," Antipasi alisema. "Na aliyemtandikia ni mimi."