Maharage ya Shamila Yamechacha

Mke wa mjukuu wangu Adinani anaitwa Shamila. Mimi humwita mke mwenzangu, maana Adinani ni mume wangu tangu siku aliyozaliwa, Shamila kanikuta. Wiki iliyopita alifungua kibanda cha wali maharage hapa Kanyenye, nami hukaa mlangoni nikimchambulia mchele.

Siku ya nne akaingia Masolwa, dereva wa lori la mpunga kutoka Igunga, mrefu mpaka akainama mlangoni. Alikula kijiko kimoja, akaisukuma sahani.

"Dada, haya maharage yameoza."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Wateja wengine wakaacha kutafuna. Shamila akanywea. Nilijua anachoogopa: neno hilo likifika stendi kwa madereva, kibanda kimefungwa.

Nikajikongoja mpaka pale, nikaiomba sahani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kwani umeona mzoga humu?"

"Hapana bibi, ila..."

"Basi tulia."

Nikaonja. Yalikuwa na ukali ulimini, na pembeni povu jembamba. Shamila alinitazama nimtetee.

"Mjukuu wangu, hayajaoza," nikamwambia Masolwa. "Kinachooza ni nyama, ni embe lililolala chini siku nyingi, nzi wanakijua kabla yako. Chakula cha kupikwa kinachacha. Haya yamechacha."

Watu wakacheka. Shamila hakucheka. "Bibi, si ndiyo umenimaliza?"

"Nani kakwambia uyaunge karanga jana jioni, halafu ufunike sufuria bado inafuka moshi? Uke wenza nilikubali. Kuumwa tumbo sikukubali."

Nikashika sufuria upande mmoja, yeye upande wa pili, tukayamwaga maharage yote shimoni, wateja wanaona. Kisha nikamgeukia Masolwa.

"Na wewe unayezika walio hai, njoo ubangue karanga. Tunapika mchicha."

"Bibi, mimi dereva."

"Kwani usukani unaushika kwa meno?"

Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika masikioni. Hajabangua hata kikombe kimoja, simu ikaita. Wenzake wa stendi walikuwa wanauliza kama kwa Shamila kuna chakula. Shamila akaacha kuchambua mchicha.

"Kipo," Masolwa akasema. "Maharage yalichacha, wameyamwaga mbele yetu. Sasa hivi unapikwa mchicha wa karanga. Nazibangua mwenyewe, msinicheke." Akasikiliza kidogo, akafunika simu kwa kiganja. "Wanakuja saba."

Shamila akautazama mchicha, fungu moja tu, akanitazama mimi.

"Usinitolee macho, mke mwenzangu," nikamwambia. "Kimbia kwa Doto muuza mboga ukachukue mafungu mengine. Na upesi, huyu bwana anabangua moja, anatafuna mbili."