Sauti Nyuma ya Sauti

Nyumbani kwao walimwita Kasuku, na jina hilo alibandikwa kwa dhuluma. Alikuwa bado msichana, na dada yake ndiye mwimbaji wa bendi, siku bendi ilipoingia studio kurekodi wimbo mpya. Dada aliamka na mafua, sauti imekauka kabisa. Wapigaji walikuwa wameshakaa na ala zao mapajani, basi mdogo mtu akasukumwa mbele ya maikrofoni. Wimbo wote akauimba yeye, dada kasimama nyuma ya bega lake akimwelekeza. Walikubaliana ukweli utasemwa baadaye.

Wimbo ukapendwa kila pembe, na hiyo baadaye haikufika. Mdogo alipothubutu kuidai sauti yake, dada alilia mbele ya ukoo mzima kwamba anaonewa wivu. Mama yao akamwamuru mdogo apige magoti aombe radhi. Akapiga. Shangazi mmoja akasema mtoto huyu ni kasuku, kazi yake kuiga wenzake. Watu wakacheka, jina likaganda. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya dada yake ilifika mbali, ikamfikisha hata kwenye ndoa na daktari wa meno aliyempendea sauti.

Kasuku hakuimba tena. Akawa fundi wa mapazia, na kinyongo chake akakitunza kama fundi anavyotunza mkasi mzuri: hamwazimi mtu, wala hauachi upate kutu.

Sasa huyo shemeji, daktari wa meno, alikuwa na ugonjwa wa spika. Safari hii rafiki yake mwenye duka alimwazima jozi mbili za spika za umeme tuli, azilinganishe nyumbani kabla ya kuchagua. Hizi hazina koni kama spika tulizozoea. Ndani yake umewambwa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unatiwa umeme, nao ndio unaotikisika na kutoa sauti. Jozi moja ilikuwa na kisanduku chini, cha besi. Ya pili ilikuwa bapa tupu, ndefu kama mlango.

Chumba kilikuwa na mwangwi, kwa hiyo shemeji akamwita Kasuku aje atundike mapazia mazito. Akiwa juu ya ngazi, pini mdomoni, alisikia zile bapa zikicheza wimbo wa watu wengine, na ndani yake mpiga gitaa akivuta pumzi. Akashuka taratibu. Alijua kilichojificha ndani ya wimbo wa dada yake. Siku ile fundi mitambo alitaka warudie, kwa sababu maikrofoni ilikuwa imenasa mnong'ono. Dada akakataa, akasema hakuna atakayeusikia. Na kweli, redio na spika za baa ziliumeza miaka yote.

Akamshauri shemeji aalike ukoo Jumapili, alinganishe spika kwa wimbo wa mkewe. Shemeji akafurahi. Dada akafurahi zaidi, akashona gauni.

Jumapili mchana sebule ilijaa. Spika za namna hii zina kiti kimoja tu cha haki, cha katikati. Ukikaa pembeni unaambulia makombo. Kasuku akamshika mama mkono, akamkalisha pale. Jozi yenye kisanduku ikaanza. Ngoma zilitua kifuani, wajomba wakatikisa vichwa, ingawa shemeji alilalamika kwamba besi inajikokota nyuma ya sauti. Kisha zikaja zile bapa. Ngoma zilipungua unene, lakini mwimbaji akawa kana kwamba kasimama pale pale kati ya madirisha, hata mate yanasikika ulimini.

Kabla ya ubeti wa pili mama akainua kichwa.

"Rudisha hapo," akasema.

Shemeji akarudisha. Nyuma ya sauti iliyokuwa ikiimba, sauti nyingine, iliyokwaruzwa na mafua, ilinong'ona: "Polepole, mdogo wangu."

Mama aliwazaa wote wawili. Hakuhitaji kuambiwa ipi ni ya nani. Dada akasema ni hitilafu ya mitambo, wazime.

"Rudia, shemeji," Kasuku akasema kwa upole. "Wajomba hawajakaa katikati."

Wakapokezana kiti mmoja mmoja. Kila aliyeinuka alimtazama dada, kisha sakafu. Shangazi ndiye aliyekawia zaidi kuinuka. Kasuku alisimama karibu na pazia lake akionja kila uso. Ilikuwa tamu kuliko alivyowahi kuwaza, wala hakuona haya.

Mama alimfuata jikoni. "Ungeniambia mimi peke yangu, mwanangu."

"Nilikwambia, mama. Ukanipigisha magoti mbele ya watu. Basi nami nimekusikilizisha mbele ya watu."

Mama alishika ukingo wa sinki.

Shemeji hatimaye alichukua zile zenye kisanduku. Marafiki walipomuuliza sababu, alisema besi yake inafunika mengi.

Baada ya muda dada alikuja peke yake kwenye duka la mapazia la Kasuku, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Kasuku hakumpa kiti. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akamwambia apaze sauti kidogo, maana wateja walioko nje hawajasikia.

Dada akatazama mlangoni, akaanza upya.