Mipulizo Miwili Kila Mstari

Jumamosi moja ya Juni, baada ya kuuza ndizi gulioni Omurushaka, Eustadia alipita dukani kwa Najat kununua sabuni. Najat alikuwa na chupa ya manukato ya kisasa ambayo mteja alikuwa ameirudisha kwa sababu ya ufa kwenye kifuniko. Alimpulizia shingoni, kisha akamfungia chupa yenyewe kwenye gazeti pamoja na sabuni.

"Chukua tu, dada Eusta. Ila hii pafyumu haitaki fujo. Mipulizo miwili inatosha."

Akirudi kijijini kwao Rugera kwa bodaboda, Eustadia aliifuatilia harufu ile kwa makini. Mwanzoni ilimchoma puani kama ganda la chungwa likibanwa. Kisha ikalegea, ikawa maua meupe, mengi, kama ile asubuhi kahawa yote inapochanua kwa pamoja. Jioni ilibaki kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alijisikia mtu mwenye safari, ingawa alikuwa anakwenda kupika.

Kesho yake alijipulizia, akakatiza shamba la kahawa kwenda kanisani. Miti, iliyokuwa na matunda mekundu yakisubiri kuchumwa, ilichanua nyuma yake mmoja mmoja. Nyuki wapatao arobaini walimfuata hadi ibadani wakatua kwenye kilemba chake. Wakati wa mahubiri walitulia kuliko wanakwaya.

Jioni mumewe, Projest, aliona mstari mweupe katikati ya shamba.

"Asubuhi ulipita wapi?"

"Njia ya kisimani."

"Kesho pita ya juu."

Akapita ya juu. Ikachanua.

Siku ya tatu Projest alijaribu mwenyewe. Alijipulizia mara kumi na moja, akazunguka shamba zima mikono ikiwa nyuma. Hakuna kilichochanua. Mbuzi wa jirani alimfuata hadi nyumbani, akakataa kurudi kwao.

Wakamwita bwana shamba, Dastan. Alikuja na pikipiki, akageuza majani, akauliza nani hupalilia.

"Mke wangu," alisema Projest.

"Kupogoa?"

"Yeye."

"Kuchuma?"

"Yeye. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Basi miti inamjua," alisema Dastan, kama anayesoma karatasi ya dawa. Akafungua fomu. "Jina la mkulima?"

"Projest Kamuhanda."

Dastan akaandika.

Agosti Projest alitangazwa mkulima bora wa kata. Alipewa cheti na bomba la kupulizia dawa. Alipoulizwa siri yake, alisema ni kujituma. Eustadia alipiga makofi polepole, asiwasumbue nyuki waliotua kwenye kilemba chake.

Chupa ilipokwisha, Projest alikwenda mwenyewe kwa Najat kununua nyingine. Ilikuwa zawadi ya kwanza aliyowahi kumnunulia mkewe. Alimkabidhi pamoja na maelekezo: mipulizo miwili kila mstari, na asijipulizie siku za mvua.

"Asante, Baba Therese," alisema Eustadia, na kwa kweli alifurahi. Hilo ndilo lililomuudhi.

Septemba ikaja barua ya semina ya siku tatu, Bukoba, kuhusu uchanuaji wa kahawa. Ilimtaka mwenye shamba. Projest akaenda.

Siku hiyo Eustadia alijipulizia bila kwenda popote. Aliketi uani kwenye kigoda chenye miguu ya mti wa kahawa, akafumba macho. Likaja chungwa, yakaja maua. Alipofumbua, miguu miwili ya kigoda ilikuwa imetoa matawi, na matawi yalikuwa meupe. Akaona ni vizuri. Kwa siku tatu alikaa hapo, akiinuka tu kupika na kulala.

Projest aliporudi alikizunguka kigoda mara mbili, begi la semina likiwa bado begani.

"Kitazaa?"

"Labda."

Aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi anayoandikia miti yake, akapiga magoti, akaanza kuandika jina lake kwenye mguu wa kigoda. Eustadia alisogeza gauni lisichafuke, akaendelea kukaa.