Muhogo wa Bwawani

Kwa jina la Mola, aliyeyateremsha maji juu ya vilima na kuyaamuru yaende mabondeni, kwanza tumkalishe kila mtu mahali pake. Léontine ni mjane mkulima wa kilimani, juu ya mji wa Lusangi. Chimène ni bintiye, aliyeposwa. Salomon ni baba wa mposaji, tena mwenyekiti wa kamati ya maji kule mjini. Moustapha ni mlinzi wa bwawa.

Bwawa hilo hunywesha miji ya bondeni. Kamati ililijenga palepale palipokuwa na kidimbwi ambamo wanawake wa kilimani walikuwa wakiloweka muhogo wao, tangu zama za bibi zao. Badala ya kidimbwi kingine walipewa hotuba.

Wakwe walipotuma habari kwamba watakuja kula na kutoa neno la mwisho, Léontine hakuwa na unga. Muhogo usiolowekwa ni sumu, na mkwe aliyelala na njaa hachukui binti. Akautia bwawani.

"Mama Chimène, unataka banifukuze kazi?" akalalama Moustapha.

"Yaya, kaka yangu, weye kwako munakulaka mawe? Kitunga ya muhogo ya muke yako iko palee mu maji!"

Moustapha akageuka kuutazama mlima, ambao haukuwa na kosa lolote.

Wakwe wakafika, mavumbi ya pikipiki mpaka kwenye kope. Hata kabla ya kunawa, Salomon alikwisha kuwaka.

"Maji ya muji iko inanuka! Kuko mutu anachafua bwawa. Kwa mutu wa vile, mie sikule hata tonge moja!"

Bugali, ugali wa muhogo huo, ikaletwa, nyeupe, laini. Salomon akala, akaongeza, akasifu.

"Mukwe, unga ya vile unaloweka wapi?"

Chimène akamtazama mamaye. Léontine alijua kwamba uongo mbele ya wakwe huja kumdai binti.

"Mu bwawa yenu, mukwe. Maji yake iko muzuri sana."

Mkono wa Salomon ukasimama njiani, tonge lingine likiwa tayari kinywani. Kuitema bugali ya wakwe ni kumkataa binti, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakimtazama mdomo. Akatafuna. Akameza.

"Kamati itachimba kidimbwi ingine," akasema. "Na mutoto, tunamutwaa."

Chimène akaolewa mjini. Siku hizi yeye ndiye anayelalamika kuliko wote kwamba maji ya bomba yananuka, kwa maana kamati ingali inajadili kidimbwi.

Ewe Mola, waliobaki kilimani wape pa kulowekea, na waliobaki bondeni wape pua zenye subira. Amina.