Bibi Aliyehamishwa Kwa Mkunga

Mshonaji alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule wakati marehemu bibi yake alipopiga hodi, beseni kichwani, mkeka uliokunjwa kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisogezee hicho kigoda, mjukuu wangu. Nimefukuzwa."

Mshonaji alimaliza kwanza zipu, akakata uzi kwa meno, kisha akamsogezea kigoda. Habari ya kufukuzwa haikuhitaji maelezo. Asubuhi ile mafundi wa halmashauri walikuja na ngazi, wakang'oa bango la njia panda lililoandikwa KWA MKUNGA, wakapigilia jingine lililoandikwa KWA TAJIRI.

Mkunga alikuwa ndiye bibi huyu. Zamani, pale palipokuwa pori tupu, wajawazito wa vijiji vya mbali walielekezwa hivyo tu: nenda kwa mkunga. Walijifungua, wengine wakabaki. Waume wakawafuata, wakajenga. Walipoulizwa wanakaa wapi, wakajibu vilevile walivyoelekezwa. Hakuna mkutano uliokaa kuamua. Jina liliota lenyewe, kama mchicha nyuma ya jiko.

Mtu ambaye mahali pameitwa jina lake, akifa, hulala ndani ya jina hilo. Bibi alikuwa amelala ndani ya lake miaka mingi bila kumsumbua mtu. Mshonaji alimuuliza kuhusu kaburi, akajibiwa kwamba kaburi ni la mifupa.

"Nitakaa kwako mpaka warudishe bango," bibi akasema. "Sili sana."

"Hata ungekula, ungekula nini humu?"

"Mke mwenzangu, uchoyo ulianza nao tumboni."

Akatandika mkeka chini ya meza ya kukatia vitambaa, akajilaza. Lakini usingizi haukuja. Siku zikapita, macho yake yakawa mekundu, na alichoweza kufanya ni kuketi akikosoa mishono. Mshonaji alimtazama, moyo ukamuuma. Mwanamke huyu alikesha maisha yake yote kwa uchungu wa wengine. Pumziko alikuwa ameliahirisha hadi kifo, na sasa hata kifoni amekoseshwa. Mshonaji akaapa kwamba jina litarudi, liwe liwalo.

Tajiri mwenyewe alifika wiki hiyohiyo. Alikuwa baba yake diwani wa kata, na alikuwa amekufa mjini, kitandani, katikati ya watoto wake. Bango lilipopigiliwa lilimvuta kutoka huko. Alionekana akizunguka na koti lake zito, akiuliza wapita njia Kwa Tajiri ni wapi. Wakamwambia ni hapa hapa. Akashukuru, akaendelea kupotea. Hakujua kisima kilipo, wala shule, wala nyumba ya mtu yeyote.

Alichojua ni mashamba. Katika uhai wake alikuja hapa msimu mmoja tu, mwaka wa njaa, na lori la unga. Sasa akawa anasimama kwenye kila mpaka na kueleza, kwa sauti ya mtu anayeonyesha njia ya sokoni:

"Hili nililipata kwa debe moja. Lile kwa nusu debe. Mwenyewe alikuwa na mtoto mgonjwa, hakubishana."

Marehemu hana sababu ya kuficha. Watu waliokodi mashamba hayohayo kwa mwanawe, mashamba ya baba zao, waliinua migongo, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakarudi kwenye jembe.

Naye pia hakuweza kulala. Kila mtu alipotaja mahali anapokaa, alilitamka jina lile kwa kuuma meno, na yeye akawa anashtuka. Mwisho akafika kwa mshonaji, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Umeninyang'anya nyumba," bibi akamwambia, "na kulala humo huwezi."

"Sikuomba, mama. Ni huyu mwanangu."

Mshonaji akaona hapa ndipo pa kuanzia. Akafunga cherehani, akawachukua wote wawili mpaka ofisini kwa diwani.

Diwani aliwapokea kwa adabu. Alimwamkia bibi, akamwamkia baba yake, akaagiza viti viongezwe. Bibi ndiye aliyemzalisha mama yake, mwaka ule ule wa njaa, wakati baba mtu yuko nje anapima unga, na diwani hakulikana hilo. Mshonaji akaeleza shida: bibi hana pa kulala, mzee naye halali, na dawa ya wote ni bango moja.

"Nitoe, mwanangu," Tajiri akasema. "Mimi pale sikufanya kitu. Nilipima unga, nikaondoka na mashamba."

Diwani aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Baba, lile bango si la kukuenzi wewe. Wanaoukumbuka ule unga wanakwisha. Mtoto atakayezaliwa Kwa Tajiri hatauliza mashamba ni ya nani. Jina litakuwa limeshamjibu."

"Lakini mzee mwenyewe yuko hapa," mshonaji akasema. "Anasema mbele yako aliyachukuaje."

"Dada yangu, marehemu hatoi ushahidi."

"Ila jina la kuandika kwenye bango anatoa."

"Hilo ni suala la utawala," diwani akasema, bila hasira. Kisha akamuuliza kama suruali yake imeshapunguzwa kiuno. Mshonaji akajibu kwamba iko tayari, aje kuichukua kesho. Ilikuwa tayari kweli.

Wakashika njia ya kurudi. Walipofika penye njia panda bibi alilitazama bango, akasema kwamba yule mtoto alitanguliza makalio alipozaliwa, na hajageuka tangu siku hiyo. Tajiri akacheka kidogo, halafu akaomba radhi.

Mwezi uliofuata shule ilileta kazi: mashati yote yabanduliwe nembo ya zamani, yashonwe mpya, yenye jina jipya. Mshonaji alikaa siku nzima mikono mapajani, hajagusa hata shati moja. Kisha akaanza, maana watoto hawangeruhusiwa kuingia darasani. Bibi alibandua nembo za jina lake kwa ncha ya mkasi, taratibu, asitoboe kitambaa. Tajiri, pale kwenye ngazi, alikunja yaliyokwisha. Kufikia mwisho wa juma watoto walikuwa wanapita barabarani na jina lile vifuani, na wadogo kabisa walikuwa wamezoea kulisema vizuri, bila kuuma meno.

Tajiri akaanza kusinzia. Bibi alimwona, hakumwamsha.

Halafu mchana mmoja mwanamume mrefu alisimama mlangoni, udongo umemkaukia mpaka viwikoni. Alitoka Kwa Mfinyanzi, ng'ambo ya mto, ambako mafundi wa halmashauri walikuwa wamepita asubuhi na ngazi yao. Aliuliza kama hapa ndipo wanapofikia waliohamishwa.

"Ndipo," bibi akasema. "Karibu. Nawa kwanza hiyo mikono, kuna nguo za watu."

Mfinyanzi akanawa, akapenya chini ya meza, akajikunja kadiri alivyoweza. Miguu yake bado ilifika kwenye cherehani. Mshonaji akamwomba aisogeze kidogo, apate kukanyaga.