Masaa Kumi Hadi Moscow

…elfu saba gawanya kwa mia saba, haya, chaki usinivunjikie, mbele ya kisomo kizima cha watu wazima hapa Izia sitaki aibu mimi, "taratibu, mama," anasema Mwalimu Asajile, taratibu ya nini na hesabu nimeiomba mwenyewe, nilimwambia tupe safari ya Silvana wangu, Dar es Salaam mpaka Moscow, anakoitwa kusomea udaktari, akaandika kilometa elfu saba, ndege mwendo mia saba kwa saa, na baba yake yule benchi la nyuma anakohoa, Eustaki, kikohozi cha uongo hicho nakijua, tangu Jumapili anakataa kutia sahihi barua ya ruhusa na kesho inatakiwa kwa afisa elimu, mbele ya kaka zake akasema, "Dar sawa, Dar ni kwetu, lakini huko kwingine mbali mno, ukifa wewe atafika lini kukuzika?", nami nikaenda kulia jikoni, maana mbali ni mbali… toa sifuri mbili huku, toa mbili huku, sabini kwa saba… kumi… ngoja, Cornelia, rudia, usije ukachekwa, saba mara kumi sabini, ni kumi, masaa kumi! masaa kumi si jembe la kutwa tu hilo, asubuhi naanza tuta la kwanza, jioni nafukia nyasi za mwisho, mtoto kafika Ulaya, jamani!… "amekwama huyo," mwenzangu Dominika anacheka, sijakwama mama wee, subiri, nahesabu nyingine kichwani, ile ya Dar ya kwetu, mwaka juzi Eustaki huyuhuyu alikwenda mkutano wa ushirika, lori likazama topeni Laela, akalala juu ya magunia ya mahindi, siku mbili mpaka Tunduma, siku nzima kungoja treni, na treni nayo usiku na mchana, siku nne! karudi miguu imevimba, tukampokea kwa pombe ya ulezi, na neno mbali halikumtoka hata mara moja… kumbe! siku nne Dar, masaa kumi Moscow, kumbe mbali yote iko hapahapa kwetu, iko kwenye tope la Laela, na hiyo ameshaikubali kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya kaka zake, Mungu wangu, nimemshika! nimemshika baba wa watu kwa chaki, mimi niliyeingia humu sijui kuandika hata sita… "Mama Silvana, tunakungoja," mwalimu huyo, na yule nyuma anakohoa tena, kohoa tu mume wangu, kohoa umalize, moyo unanidunda kwa raha, natamani kupiga vigelegele, jibu bado sijaliandika na mkono uko palepale ubaoni, haya, andika moja, andika sifuri, halafu geuka, Cornelia, geuka umwambie mtoto anakwenda.