Bibi Aliyeshukuru

Ruba alikuwa hodari wa mafumbo, na ofisini hilo lilijulikana. Idara yao ilikuwa katika wizara moja huko Maskati. Kila siku saa nne asubuhi, watatu kati yao waliokulia nyumba za Kiswahili hukutana chumba cha chai wakaacha Kiarabu cha kazini mlangoni.

Mchezo aliuleta Noof, mgeni wao, aliyehamishiwa pale mwezi uliopita. Yeye husema kisa cha ajabu kwa maneno machache; wenziwe huuliza maswali, naye hujibu ndiyo au la tu, mpaka sababu ipatikane. Jumatatu alikuja na fumbo la watu wazima wanne waliomzunguka mtoto huku wakimwomba Mungu mtoto huyo alie. Bader, wa tatu wao, alihangaika nalo mpaka chai yake ikapoa. Ruba aliuliza maswali mawili tu: mtoto kazaliwa sasa hivi.

Alhamisi Noof aliingia akitabasamu.

"La leo la kweli, limetokea hukuhuku kwetu. Sikizeni. Bibi mmoja alipewa zawadi, akashukuru. Kwa kule kushukuru kwake, harusi ya mjukuu wake ikavunjika. Kwa nini?"

"Alishukuru kwa kejeli?" Bader aliuliza.

"La. Kwa moyo mweupe."

"Zawadi ilikuwa na aibu ndani yake?"

"La."

Ruba aliweka kikombe chini. "Waliotoa zawadi ni upande wa bwana harusi?"

"Ndiyo."

"Bibi angeshukuru kwa Kiarabu, harusi ingekuwepo?"

Noof alijipiga paja. "Ndiyo! Wallahi wewe shetani."

"Basi alishukuru kwa Kiswahili, na neno lenyewe ndilo lililoharibu."

"Ndiyo."

Ruba akauliza taratibu, "Zawadi ilikuwa shali?"

"Ehe! Umejuaje?"

Alijua kwa sababu alikuwepo. Miaka minne nyuma Ruba aliposwa na Yaarub, mhandisi, kijana wa nyumba inayojulikana, wazee wake watu wa Unguja. Posa ilipokewa. Siku wanawake wa upande wao walipokuja kupanga tarehe, shangazi yake Yaarub alimfunika Bi Masouda, bibi yake Ruba, shali la Kashmir mabegani. Kikongwe alilipapasa shali lile huku machozi yakimlengalenga. Siku tatu baadaye ukaja ujumbe: tumemwomba Mungu atuongoze, istikhara haikutoka vizuri, tusameheane. Ruba alilia miezi, kisha akajifundisha kusema kuwa Mungu hakuandika.

"Haya, nishindwe," alisema. "Tupe jawabu."

Noof alisogeza kiti. "Mama mkwe wangu alikuwemo kwenye msafara. Wale watu wa bibi harusi walijisema wao wa Unguja, mtaa wa Malindi, babu hivi, babu vile. Shangazi akampa bibi shali. Bibi akasema, 'Aksanti! Aksanti sana!'" Alilivuta neno kwa sauti nyembamba ya kizee. "Unguja nani anasema aksanti? Wale watu wa Kongo, yakhe! Wametokea huko Uvira au Bujumbura, sijui, na asili yao Mungu ndiye anayeijua. Kule nyumbani kwa mama mkwe mpaka leo mtu akipewa kitu anasema aksanti, watu wanavunjika mbavu."

Bader alicheka, kisha akasema, "Maskini bibi wa watu."

"Na bwana harusi alijua?" Ruba aliuliza.

"Yeye ndiye wa mwanzo kusema basi. Kasema hataki wanawe waje kuulizwa asili ya mama yao."

"Bibi huyo anaitwa Masouda," Ruba alisema. "Ni bibi yangu."

Noof alimshika mkono. "Wallahi sikujua, dada. Hawakunitajia jina." Kisha, kwa kutaka kuponya, akaongeza, "Lakini wewe hujulikani kabisa. Unasema kama sisi."

Ruba alitoa mkono wake, akenda kuosha kikombe.

Alipofika nyumbani Al Amerat alimkuta mama yake, Khawla, akichambua mchele. Hakukaa.

"Mama, Yaarub aliniacha kwa sababu ya neno la bibi. Ulijua?"

Khawla aliendelea kuchambua. "Nilijua palepale. Nilimwona shangazi yake alivyomtazama mwenzake."

"Na ukaniacha miaka minne niamini istikhara?"

"Ningekwambia nini? Nimefika nchi hii nna miaka kumi na mbili, natokea Bujumbura. Watoto walinicheka mpaka nikajifunza kusema kama wao. Nilitaka wewe usichekwe."

"Ndiyo maana ukamhamishia bibi kwa mjomba, Sib?"

"Nimempeleka kwa kaka yangu kwa ajili ya hospitali. Kule iko karibu."

"Mama."

Khawla alisukuma sinia. "Nilitaka upate mume!" alisema. "Kosa langu hilo tu."

Ijumaa baada ya alasiri Ruba alikwenda Sib, kwa mjomba wake Murshid. Bi Masouda alikuwa barazani, miguu juu ya mto.

"Karibu, mutoto yangu. Niko muzuri."

Ruba alikaa chini, akamwambia yote aliyoyasikia, ila ile sauti nyembamba aliyoiga Noof. Bibi alisikiliza bila kushtuka.

"Najua," alisema. "Mama yako alinifundisha wiki muzima. Kila asubuhi: sema ahsante. Nikasema. Tena. Nikasema. Siku ile walinivalisha shali, nikafurahi, nikasahau." Alimshika Ruba bega. "Ni mimi nilikuharibia."

"Hukuniharibia kitu, bibi. Ulishukuru tu. Twende nyumbani, nimekuja kukuchukua."

"Apana. Murshid ananiacha niseme yangu. Kwa mama yako nikifungua mudomo anatazama mulango kama kuna mutu anasikia. Sitarudi."

"Hata nikikuomba mimi?"

"Hata wewe. Wewe pia ulikuwa unatazama mulango."

Ruba alitaka kukataa. Akakumbuka rafiki zake wa chuo waliokuja nyumbani, na jinsi alivyokuwa akiwahi kuwasemesha kwa Kiarabu kabla bibi hajawakaribisha kwa Kiswahili chake.

Alimkata bibi kucha mpaka magharibi. Simu ya mama yake iliita mara tatu, hakuipokea. Kisha akaaga, akaendesha gari kurudi Al Amerat, maana hakuwa na nyumba nyingine. Alikuta amepakuliwa chakula, kimefunikwa. Alikila peke yake, na mama yake, chumba cha pili, hakutoka kumwuliza kama bibi hajambo.